Nasaha kwa Watengenezaji wa Losheni na Krimu

Katika miji ya pwani yetu, tangu Mombasa na Tanga hata Dar es Salaam na Unguja, biashara ya vipodozi vinavyotengenezwa majumbani imepata nguvu, na wengi wa walioishika ni wanawake ambao bibi zao walikuwa mafundi wa liwa, singo na mafuta ya nazi kabla ya madukani kujaa makopo yatokayo ng'ambo. Leo wajukuu wa mafundi hao huuza losheni ya shubiri, krimu ya mwani uliovunwa Paje na Jambiani, na maji ya waridi katika chupa za kupuliza. Huzibandika nembo nzuri, huzipanga katika maduka yapitwayo na wageni, na hutumaini kwamba siku moja zitavuka bahari. Jambo hili ni la kheri, wala mwenye kuliandikia hapaswi kuanza kwa vitisho. Walakini yapo mambo ambayo bibi zetu hawakuhitaji kuyajua, kwa sababu walichokichanganya asubuhi kilikwisha jioni, na walichotaka kikae walikiacha kikavu au katika mafuta matupu. Ilhali yule atiaye maji katika chupa na kuipeleka dukani ikakae miezi sita amejitwika dhamana mpya, na elimu ya dhamana hiyo ndiyo madhumuni ya makala haya.

Asili ya taabu yote ni maji. Bakteria, hamira na ukungu haviwezi kuzaana pasipo maji, na kwa sababu hiyo mafuta safi ya nazi, siagi ya shea, zeri ya nta ya nyuki na liwa kavu havihitaji kihifadhi, wala haikihitaji sabuni ya kipande, ambayo ukali wa magadi yake hauvipi vijidudu nafasi. Wenye elimu hii hukubali pia kwamba bidhaa yenye spiriti zaidi ya asilimia 20, au yenye pH isiyozidi 3, au isiyopungua 10, ni bidhaa ya hatari ndogo. Lakini losheni aghalabu ni maji kwa zaidi ya nusu ya uzito wake, na ndani ya maji hayo mtengenezaji hutia sukari, protini na utomvu wa mimea, ambavyo kwa ngozi ni urembo na kwa vijidudu ni chakula. Hata asali, ambayo ikiwa safi hukaa miaka bila ya kuoza kwa kuwa sukari yake imeyafunga maji, hupoteza ngao yake mara tu inapozimuliwa kwa maji ya waridi, ikabaki kuwa karamu. Na yule asemaye kwamba maji yake ameyachemsha, amesema kweli na hajajibu suali: kuchemsha huua vilivyomo saa ile, wala hakuna neno juu ya vitakavyoingia kesho.

Na vitakavyoingia kesho ni vingi. Yuko Pseudomonas aeruginosa, bakteria wa majini, akaaye katika matangi, mabomba na ndoo zisizokauka, ambaye huridhika na chakula kidogo kabisa, na ambaye akiipata mboni ya jicho iliyokwaruzika huweza kuiharibu kwa muda mfupi. Yuko Staphylococcus aureus, ambaye makazi yake ni puani na mikononi mwa watu wazima wa afya. Yuko Escherichia coli, ambaye kuonekana kwake katika krimu ni ushahidi kwamba mkono haukuoshwa ulipotoka msalani. Iko hamira iitwayo Candida albicans, na uko ukungu Aspergillus brasiliensis, ambao mbegu zake huruka pamoja na vumbi la nyumba na kutua popote penye kifuniko kilichosahauliwa wazi. Hivi vitano nimevitaja kwa majina kwa sababu msomaji atakutana navyo tena mbele, katika karatasi ya maabara.

Mwaka wa 1967 madaktari wa Marekani waliandika habari ya wagonjwa mahututi walioingiwa na sumu ya damu iliyosababishwa na bakteria Klebsiella pneumoniae, na uchunguzi ulipofuatwa hatua kwa hatua ulifika kwenye chombo cha krimu ya mikono iliyokuwa ikitumiwa katika chumba hichohicho cha wagonjwa: dawa ya kulainisha mikono ya wauguzi ndiyo iliyoyabeba maradhi. Miaka michache baadaye, katika mji wa Atlanta, wataalamu Wilson na Ahearn waliuchunguza wanja wa kope, yaani maskara, wakakuta kwamba vichupa vipya ambavyo havijafunguliwa vilikuwa safi kwa kadiri kubwa, ilhali vingi katika vile vilivyokwisha kutumika vilikuwa vimejaa vijidudu. Na baadhi ya wanawake waliojikwaruza jicho kwa brashi ya wanja wa namna hiyo walipata vidonda vya mboni vilivyowatia hasarani.

Habari ya maskara ndiyo yenye somo kubwa kwetu, kwa maana inatenganisha mambo mawili ambayo watengenezaji wengi huyachanganya. Mtu huchukua losheni yake mpya, huipeleka maabara, akaambiwa kwamba haina vijidudu, akarudi na karatasi ile kwa furaha akidhani amekwisha kuthibitisha kwamba bidhaa yake ni salama. Alichothibitisha ni kwamba siku ile ilikuwa safi. Kama itaendelea kuwa safi baada ya mnunuzi kutia vidole vyake vyenye maji mara mbili kwa siku, katika bafu la mvuke, kwa muda wa miezi mitatu, hilo halikuulizwa wala halikujibiwa. Uimara wa mlango hujulikana siku ya kusukumwa. Na kwa hiyo lipo jaribio jingine, ambalo ndani yake bidhaa hutiwa vijidudu kwa makusudi, vingi na vya kuhesabiwa, kisha ikatazamwa kama itavishinda. Jaribio hilo la nguvu ya kihifadhi ndilo ninalokunasihi, msomaji, ulifahamu, ulilipie, na ujue kuisoma shahada yake.

Kabla ya kulifikia, haina budi tuseme kidogo juu ya vihifadhi vyenyewe, maana asiyejua silaha yake hawezi kufahamu kwa nini imeshindwa vitani. Hakuna kihifadhi kimoja kinachoweza kila adui. Parabeni, ambazo zimetumika tangu miaka ya 1920 na 1930, ni hodari juu ya ukungu, hamira na baadhi ya bakteria, lakini ni dhaifu mbele ya Pseudomonas. Fenoksiethanoli ina nguvu zaidi juu ya Pseudomonas na nguvu haba juu ya ukungu. Na kwa sababu hiyo mafundi huchanganya viwili au vitatu ili pengo la kimoja lizibwe na mwenziwe. EDTA, ambayo si kihifadhi kwa nafsi yake, huyanyang'anya maganda ya bakteria wa jinsi ya Pseudomonas madini yanayoyashikamanisha, na kuvifungulia njia vihifadhi vingine. Kila kimoja katika vihifadhi kina mpaka wake: sheria ya Umoja wa Ulaya, ambayo nchi nyingi huifuata au huikaribia, hairuhusu fenoksiethanoli kupita asilimia 1, wala methiliparabeni ikiwa peke yake kupita asilimia 0.4. Mwenye kuzidisha kwa nia ya kujihami huhamisha hatari kutoka kwa vijidudu na kuitia katika ngozi ya mnunuzi.

Sodiamu benzoeti na potasiamu sobeti hupendwa sana na wenye kutaka bidhaa za asili, na ndizo zinazowaumbua watengenezaji wengi kuliko nyingine, kwa sababu nguvu zake zimefungamana na pH. Kinachofanya kazi ni asidi iliyo nzima, ambayo haijagawanyika. Na asidi ya benzoiki, bidhaa ikiwa na pH 4.2, huwa nzima kwa nusu yake; pH ikipanda hata 5.2, sehemu iliyo nzima hushuka hadi karibu asilimia 9, ikifika 6.2, hubaki asilimia 1 hivi. Kwa hiyo mtu aliyetia gramu 5 za sodiamu benzoeti katika kilo moja ya losheni yenye pH 6.2 ametia kihifadhi katika daftari lake tu, kwani ndani ya chupa hakimo cha kutosha kutenda kazi. Karatasi za kupimia pH hazina bei kubwa, na kuzikosa katika karakana ya losheni ni taksiri isiyo na udhuru. Ipime bidhaa ikiwa imekwisha kuchanganywa na kupoa, kisha ipime tena baada ya wiki mbili, kwa kuwa yapo malighafi yanayoisukuma pH polepole. Na ikizidi, ishushe kwa matone ya asidi ya sitriki iliyoyeyushwa, ukiandika kila ulichotia.

Yapo mambo mengine yanayokiteka kihifadhi bila ya mtengenezaji kuona. Polisobeti 80, ambayo wengi huitumia kuyachanganya manukato na maji, huzibugia parabeni na kuzifunga ndani ya vitone vyake, hata zikawa zimo na hazimo. Udongo wa kujipaka usoni huvinyonya vihifadhi vingi. Mafuta yakiwa mengi huzivuta parabeni upande wake, na vijidudu havikai katika mafuta, vimo majini, mahali ambapo ulinzi umehama. Ndiyo maana kihifadhi kilichofaulu katika krimu ya jirani hakikupi hoja yoyote juu ya krimu yako, hata ukikitia kwa kipimo kilekile. Kinachopimwa ni bidhaa nzima, wala si kihifadhi peke yake.

Na hapa yafaa niseme neno juu ya zile zinazoitwa hifadhi za asili. Vitamini E ni kinga ya mafuta yasichache kwa hewa. Haiui bakteria wala ukungu. Mafuta ya karafuu, ambayo Unguja na Pemba wanayajua vyema kuliko watu wengine, yana yujenoli ndani yake, na yujenoli kweli hupigana na vijidudu. Lakini kadiri inayotosha kuilinda losheni peke yake inaweza kuichoma ngozi na kuleta mzio, na kadiri inayonukia vizuri aghalabu haitoshi kulinda. Yamkini mchaichai, mkaratusi na mwarobaini vikasaidia upande wa kihifadhi cha kweli. Kuviachia kazi yote pasipo kupima ni kuuza dhana. Jokofu nalo hupunguza mwendo wa vijidudu bila ya kuviua, na chupa ikitoka tu huendelea pale vilipoachia.

Sasa tulitazame jaribio lenyewe. Kanuni inayofuatwa zaidi katika vipodozi ni ile ya kimataifa iitwayo ISO 11930, iliyotolewa mwaka wa 2012. Maabara huipokea bidhaa kama itakavyouzwa, huhakikisha kwanza kwamba haikuja na uchafu wake, kisha huigawa katika vyombo vitano vya gramu 20 au zaidi, na kila chombo hupandikizwa aina moja katika vile vijidudu vitano nilivyovitaja. Kadiri yake si ya mzaha: bakteria hutiwa kati ya 100,000 na 1,000,000 kwa kila gramu ya losheni, na hamira na ukungu kati ya 10,000 na 100,000, na kimiminiko kinachovibeba hakizidi asilimia 1 ya bidhaa, isije ikazimuliwa na jaribio likaharibika. Vyombo hukaa katika joto la nyuzi 22.5 hivi, na siku ya 7, ya 14 na ya 28 hutolewa sampuli, zikazimuliwa hatua kwa hatua, zikamwagwa katika sahani za chakula cha vijidudu, na madoa yatakayoota yakahesabiwa.

Ipo hatua moja ndani ya kazi hii ambayo mnunuzi wa huduma hana budi kuiulizia, kwani bila yake matokeo yote ni batili. Sampuli inapotoka katika losheni hutoka na kihifadhi chake. Kihifadhi hicho kikiingia katika sahani ya maabara kitaendelea kuvizuia vijidudu vilivyo hai visiote, na mtazamaji atahesabu sifuri mahali penye maelfu. Kwa hiyo maabara hutumia kibatilishi, ambacho mara nyingi ni mchanganyiko wa lesithini na ile polisobeti 80 tuliyoilaumu juu, ili kihifadhi kinyamaze saa ya kuhesabu. Na hutakiwa kuthibitisha, kwa bidhaa yako hasa, kwamba kibatilishi kimefanya kazi na kwamba chenyewe hakiui. Shahada isiyosema neno juu ya uthibitisho huu, irudishe kwa adabu na uulize.

Matokeo huandikwa kwa hesabu ya logi, na wengi huiogopa bure. Kila kushuka kwa logi moja maana yake ni kwamba katika kila vijidudu kumi amebaki mmoja. Logi mbili, mmoja katika mia. Logi tatu, mmoja katika elfu, ndiko kutoka 1,000,000 kufikia 1,000. Kanuni ya ISO 11930 ina vigezo viwili. Kigezo A hutaka bakteria washuke logi 3 kufikia siku ya 7 na wasiongezeke tena hata siku ya 28. Hamira ishuke logi 1 kufikia siku ya 7 na isipande baadaye. Na ukungu usiongezeke kufikia siku ya 14, kisha ushuke logi 1 kufikia siku ya 28. Kigezo B ni chepesi zaidi: bakteria hupewa muda hadi siku ya 14 kushuka logi 3, hamira hadi siku hiyohiyo kushuka logi 1, na ukungu hutakiwa usiongezeke tu. Bidhaa iliyofaulu kwa B haijakataliwa, lakini mwenyewe hudaiwa hoja nyingine za kumlinda mtumiaji, kama vile chupa ya pampu isiyoingiza hewa wala kidole.

Jihadhari pia na shahada inayosema tu kwamba bidhaa imefaulu bila ya kutaja kanuni. Kitabu cha dawa cha Marekani, katika sura yake ya 51, kwa vitu vya kupaka juu ya ngozi hutaka bakteria washuke logi 2 tu kufikia siku ya 14, na hamira na ukungu visiongezeke; kwa hiyo losheni moja yaweza kupita mlango huu na kukwama katika ule. Hakuna hila katika tofauti hiyo, maana kila kanuni ina makusudi yake, lakini mwenye kuuza lazima ajue amepimwa kwa mizani gani, hasa akiwa na nia ya kupeleka bidhaa Ulaya, ambako jaribio hili ni sehemu ya waraka wa usalama unaodaiwa na sheria namba 1223 ya mwaka 2009.

Usilichanganye jaribio hili na hesabu ya vijidudu ya kawaida, ambayo nayo ina nafasi yake na ni rahisi zaidi. Kanuni ya ISO 17516 huweka mpaka wa vijidudu 100 kwa gramu katika bidhaa za watoto walio chini ya miaka mitatu, za kandokando ya macho na za utando laini wa mwili, na 1,000 kwa gramu katika nyingine. Na vile vinne vya hatari, yaani Pseudomonas, Staphylococcus, Escherichia coli na Candida, havitakiwi kuonekana kabisa katika gramu moja. Hesabu hiyo ifanywe kwa kila mkupuo unaotoka karakana. Jaribio la nguvu ya kihifadhi hufanywa mara moja kwa kila fomula, maadamu fomula haijabadilika.

Mwenye kutafuta maabara aulize mambo manne: je, ina ithibati ya ISO/IEC 17025, ambayo kwa Tanzania hutolewa aghalabu na SADCAS na kwa Kenya na KENAS, na je, jaribio hili limo katika mawanda ya ithibati hiyo, watatumia kanuni ipi, watathibitishaje kibatilishi, na wanahitaji sampuli kiasi gani. Kisha yeye mwenyewe apeleke bidhaa katika chombo kitakachouzwa, wala si katika chupa ya maji ya kunywa iliyooshwa. Na kwa kuwa maghala yetu ni ya moto kuliko nyuzi 22.5 za maabara, na joto hutenganisha mafuta na maji na kukidhoofisha kihifadhi, ni busara kupima chupa mbili: moja mpya, na moja iliyokaa miezi mitatu katika kabati la nyuzi 40. Ikiwa fedha ni ya jaribio moja tu, chagua ile iliyozeeka, kwa maana mnunuzi wa Dodoma au Lamu hatajipaka losheni siku iliyotengenezwa.

Losheni ikishindwa, usikate tamaa wala usiongeze kihifadhi kwa kukisia, bali soma ni nani aliyeishinda. Ikiwa Pseudomonas na Escherichia coli ndio waliobaki ilhali wengine wamekufa, fikiria EDTA kidogo, au fenoksiethanoli hadi mpaka wa sheria. Ikiwa ukungu ndio uliosalimika, pH huenda iko juu mno kwa sobeti yako, au hukutia kabisa kitu chenye uwezo juu ya ukungu. Ikiwa wote wamestawi, tazama kile kinachokiteka kihifadhi, yaani polisobeti, udongo na wanga, na utazame wingi wa utomvu wa mimea uliotia. Na ikiwa bidhaa ilifika maabara ikiwa tayari na vijidudu vyake, basi kosa liko katika maji, vyombo au mikono, na hakuna kihifadhi kilichokusudiwa kufuta uchafu wa karakana. Rekebisha jambo moja, andika ulichorekebisha, kisha upime upya.

Kwa wale ambao bado hawajapata uwezo wa kulipia, usijaribu kuotesha vijidudu jikoni kwako, kwani kuvizalisha hivi vitano mahali wanapokula watoto ni kuileta hatari uliyotaka kuikimbia, na jaribio bila ya kibatilishi wala hesabu sahihi halithibitishi kitu. Lakini lipo la kufanya. Anza biashara na bidhaa zisizo na maji, zeri na mafuta na singo kavu, ambazo zitakulisha bila ya kukudai jaribio hili. Na hata hizo, mwambie mnunuzi asizitie mkono wenye maji. Unapoingia katika losheni, ingia na fomula moja, harufu moja na chombo kimoja, kwa sababu kila namna mpya hudai jaribio lake. Pima viungo kwa mizani ya gramu na uache vijiko. Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, usafishe vyombo kwa spiriti ya asilimia 70 na kuviacha vikauke, na usiongezee losheni mpya juu ya mabaki ya zamani. Weka chupa moja ya kila mkupuo, yenye tarehe na nambari, hata muda wake wa matumizi upite, ili siku ya malalamiko uwe na cha kupelekwa maabara badala ya cha kubishaniwa.

Chombo nacho ni nusu ya ulinzi. Kopo la mdomo mpana hualika vidole vitano. Chupa ya pampu huvizuia. Mrija wa kukamua uko katikati. Ile alama ya kopo lililofunguliwa yenye maandishi 6M au 12M, ambayo wengi huinakili kutoka bidhaa za ng'ambo kwa ajili ya uzuri wake, ni ahadi kwamba bidhaa itabaki salama miezi hiyo baada ya kufunguliwa, na mwenye kuiandika pasipo ushahidi ameahidi asichokijua. Wenye mamlaka watamuuliza: katika Tanzania Bara usimamizi wa vipodozi umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, tangu mwaka wa 2019, Zanzibar yupo Wakala wa Chakula na Dawa, na Kenya yupo KEBS. Ni afadhali kwenda kwao ukiwa na karatasi mkononi kuliko kungoja waje wao.

Mwisho wa yote, shahada ya jaribio ina thamani maadamu inasema juu ya losheni unayoiuza leo. Ukimbadilisha muuza mafuta, ukaongeza harufu, ukatia mwani zaidi kwa sababu wateja wameupenda, au ukaihamisha krimu kutoka katika pampu na kuitia katika kopo kwa kuwa kopo ni rahisi, losheni ile iliyopimwa haipo tena, na iliyopo haijapimwa. Kwa hiyo iandike nambari ya shahada juu ya karatasi ya fomula, uzifunge pamoja katika jalada moja. Na siku utakapobadilisha kiungo hata kimoja, ikate nambari ile kwa kalamu papo hapo, kabla hujaipima gramu ya kwanza.